Wenye Nyumba ya Milimani

Kila Jumamosi napiga picha ya jengo moja la zamani hapa Nakuru na kuiweka kwenye grupu ya WhatsApp ya watu wa mtaa wetu, Section 58. Wenye kumbukumbu wanasimulia. Wenye uongo pia wanasimulia.

Wiki jana nilipiga picha geti la nyumba moja ya wakati wa mkoloni kule Milimani, kwa sababu imeuzwa na karibu itabomolewa. Chini yake nikaweka picha ya baba yangu, Dalmas, akiwa kijana wa reli mwaka wa 1972. Amesimama kwa geti hilo hilo, amevaa koti, mkono mfukoni. Nikaandika: "Hapa ndipo baba aliishi kabla ya kuoa. Nani anakumbuka?"

Ndiyo hadithi tuliyolelewa nayo. Picha hiyo ilitumwa kwa posta hadi Kimilili, na kwa ajili yake mama yangu, Namalwa, akamkataa mwalimu mwenye baiskeli. Alipofika Nakuru aliambiwa mwenye nyumba ameichukua juzi tu, kwa hivyo wakae kwanza landhi, kwa chumba kimoja cha wafanyakazi wa reli. Hiyo "kwanza" ikawa miaka kumi na moja.

Sikuwa nimemaliza chai baba akapiga simu.

"Mama Abby," akaniita kwa jina la mtoto wangu, "toa hiyo kitu."

"Kitu gani?"

"Geti! Toa kabla mama yako arudi kutoka kwaya."

"Baba, uliishi hapo au hukuishi?"

"Nilikuwa napita hapo."

"Ukienda wapi?"

"Kupigwa picha."

Nikavaa viatu nikaenda kwao, mlango wa tatu kutoka kwangu. Akakiri yote. Mpiga picha mmoja alikuwa akiwapeleka vijana wa reli Milimani kila Jumapili. Askari wa geti alipewa sigara. Koti lilikuwa la mpiga picha.

"Miaka hamsini na kitu sijamwambia," akasema. "Akijua, ataniita mwongo mpaka kaburini."

"Na atakuwa amekosea wapi?"

Nilitaka kuifuta kweli, lakini nilikuwa nimechelewa. Odongo, jirani yetu, alikuwa ameandika: "Mbona mzee Dalmas amesimama kwa nyumba ya babangu?" Akaweka picha yake. Geti lile lile, koti lile lile, kifungo kimoja hakipo. Wariara, jirani mwingine, naye akaweka ya mzee wao. Kufikia saa sita nyumba ilikuwa na wenyewe sita.

Mama akaingia, simu mkononi.

"Dalmas," akasema, "kumbe una wapangaji wengi."

Baba akasimama. "Namalwa, nilikuwa nataka kukuambia."

"Lini?"

Mama akavua viatu, akaketi.

"Siku yangu ya pili landhi nilienda kwa jirani kuomba chumvi. Nikakuta bwana yake ukutani, amesimama kwa nyumba yangu. Nikaenda mlango wa pili, huyo naye yuko hapo hapo. Na koti ya bwana yangu."

"Na ukanyamaza?"

"Wewe ulishawahi kuniuliza kuhusu ile saa niliyovaa kwa picha niliyokutumia?"

"Ile ya kung'aa? Hapana."

"Ilikuwa ya mwalimu."

"Mwalimu gani? Yule wa baiskeli?" Baba alikuwa amesahau geti kabisa. "Namalwa, saa ya mwanamume ilifikaje mkononi mwako?"

"Uliza koti."

Kisha akanigeukia mimi. "Kesho baada ya ibada utatupeleka Milimani. Hiyo nyumba nimeingoja sana. Haitabomolewa kabla sijasimama hapo."

Tukaenda. Baba alivaa sweta yake mwenyewe, mama akaikagua vifungo vyote. Nilipoinua simu, baba akaingiza mkono mfukoni.

"Toa mkono," mama akamwambia. "Mgeni hasimami hivyo kwa geti ya mtu."

Akautoa. Nikawaambia watulie.

"Lakini hiyo saa," baba akanong'ona, "ulimrudishia?"

Kwenye picha mama anacheka, na baba anamtazama mkononi.