Nyumba ya Mama Kebirigo

Ogeto alimjengea mama yake nyumba kwa siku tisa, na watu wa Kebirigo wakamsifu mpaka akachoka kusikia. Mabati mapya, vyumba viwili, sakafu ya saruji, mlango unaotazama barabara. Mtu mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, tena mzee wa kanisa la Wasabato, angekosaje kumkumbuka mzazi? Binadamu ndivyo tulivyo. Tunasifu mabati yaking'aa, hatuulizi yamefunika nini.

Kiwanja chenyewe hakikuwa chake. Baba yao alikuwa amempa kwa mdomo Joash, mdogo wake Ogeto, na Joash alipofariki, mjane wake Nyamoita akabaki akilima migomba pale na kuuza ndizi kando ya njia. Halafu lami ikaja, na kila mpita njia akawa anauliza bei ya ardhi. Ogeto alikuwa na shamba la chai Ekerenyo, nyumbani kwa wazazi wake, duka Kisii na vyumba vya kupangisha, lakini kile kipande cha migomba kilimnyima usingizi.

Kesi ya ardhi huchukua miaka, kaburi huchukua asubuhi moja. Kwa Wakisii mwanamke huzikwa penye nyumba yake, na mwana aliyeijenga nyumba hiyo akimzika mama yake hapo, nani atathubutu kumwambia aondoke? Bonareri, mama yao, alikuwa na miaka themanini na moja, na presha ilikuwa imemlaza hospitalini mara mbili mwaka ule. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Ogeto aliyatanguliza yote mawili.

"Ekerenyo ni mbali na hospitali, mama," alimwambia. "Kebirigo gari linafika mlangoni."

Bonareri alitazama nje, lilipokuwa kaburi la mumewe. Kando yake kulikuwa na nafasi aliyoipalilia mwenyewe miaka yote hiyo.

"Nikizidiwa utanirudisha hapa?"

"Nitakurudisha."

Ogeto alifikiria kila kitu isipokuwa Nyamoita. Mjane huyo aliyekatiwa nusu ya migomba ili nyumba isimame ndiye aliyemkorogea mama mkwe uji wa wimbi kila asubuhi, akamkanda miguu, akampikia mboga ya chinsaga jioni. Bikizee akanawiri. Akawa anakaa nje, anauza ndizi na kuwatania wateja. Mwezi wa nne tangu mama ahamie, Ogeto alijisikia akiuliza kwenye simu, "Bado anakula?"

"Anakula vizuri sana, Baba Duncan," Nyamoita alijibu kwa furaha.

Dawa za presha alikuwa akizileta Ogeto mwenyewe kila mwezi. Mwezi wa tano alisahau. Alisahau kweli, tusimsingizie. Lakini alipokumbuka, akiwa nusu ya njia, hakugeuza gari. Mwezi wa sita hakusahau. Alisema tu kwamba dawa zimekosekana Kisii nzima.

Alirudi Ijumaa moja akamkuta mama kwenye kiti, miguu imevimba, anahema kwa shida.

"Bado hazijapatikana?" Bonareri aliuliza.

"Bado, mama. Nimezunguka kila mahali."

"Zipo. Nyamoita aliziona Jumatatu, duka la dawa pale Kisii, karibu na soko. Alikuwa na pesa za kununua. Nikamkataza."

"Ulimkataza kwa nini?"

"Nilitaka nione kama wewe utaniletea."

Ogeto alitamani ardhi ipasuke immeze. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni akichuma chai, akauza ng'ombe wake wa pekee ili yeye asome. Alitoka bila kuaga, akawasha gari, na moyoni alikuwa ameamua: anakwenda kuleta dawa, na kaburi lisubiri.

Alifika Kisii akakumbuka kuwa ni Ijumaa. Mwenye duka la dawa alikuwa muumini mwenzake, na Wasabato hufunga kazi kabla jua halijatua. "Atakuwa amefunga," akajiambia. Ilikuwa saa nane mchana. Alipita mbele ya duka akitazama upande wa pili, akaenda nyumbani kuoga. Kesho yake kanisani aliongoza maombi ya wagonjwa, akamtaja mama yake kwa jina. Alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo linalonichukiza zaidi.

Jumapili asubuhi Nyamoita alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia.

"Baba Duncan, mama ametuacha."

Ogeto alikaa kitandani. Alitaka kusema jina la mama yake. Lakini alimfikiria baba yake mdogo, Onchiri, na wazee wa ukoo. Wakiwahi kufika watauchukua mwili, wampeleke marehemu akalale kando ya mumewe.

"Umeshawaambia watu wa Ekerenyo?"

"Mama alisema utauliza hilo kwanza," Nyamoita akasema. "Mimi nilimbishia. Nilimwambia, hapana mama, atalia."

Ogeto akarudia swali lake.