Jiwe Chini ya Tairi

Taratibu alipewa jina hilo na madereva wenzake kwa ule mwendo wake barabarani. Safari hii jina lilimponza. Alikataa kulitoa lori uani akisema halina breki, hata ile ya mkono haishiki, na meneja akamsimamisha kazi. Leo ndiyo alikuwa ajue kama anarudi au anafukuzwa.

Chama cha wafanyakazi wa usafiri kilimtuma katibu wake, mama mnene aliyewahi kuwa kondakta, na sauti bado ile ile ya kuita abiria.

"Lori ni zima," meneja alisema. "Fundi amelipima. Huyu mzee ni mvivu tu."

Fundi alisimama pembeni, anafuta mikono isiyo na uchafu.

"Kama ni zima, twende tukalione," katibu akasema.

Lilikuwa palepale uani, kwenye mteremko, limesheheni saruji, na jiwe chini ya tairi la nyuma. Taratibu mwenyewe ndiye aliyeliweka. Sasa akaingiwa na wasiwasi. Je, kama wamelitengeneza kimyakimya? Ataonekana mwongo, na nyumbani mkewe atamwambia nini?

"Si hilo limesimama?" meneja akasema.

"Limesimamishwa na jiwe, baba." Katibu akainama, akalishika. "Bwana fundi, wewe si umelipima? Kasimame kule chini, nyuma yake. Mimi natoa jiwe."

Fundi hakusogea.

"Nenda basi!" meneja akafoka.

"Bosi, mimi nina watoto."

"Na huyu je, alizaa mbuzi?" katibu akauliza, akimwonyesha Taratibu kwa kidevu.

Madereva waliojazana getini wakaangua kicheko. Meneja akakohoa, akasema kwa sauti ndogo kwamba lori liende gereji na mzee arudi kazini kesho.

"Kesho ina nini?" katibu akauliza.

"Haya, leo!"

Taratibu alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Akampigia mkewe. "Wamenirudisha."

Mke akashukuru. "Alhamdulillahi. Basi ukija pitia sukari."

Alipogeuka, katibu alikuwa bado ameinama palepale.

"Mama, vipi?"

"Niinue, mwenzangu, kiuno kimekataa," alinong'ona. "Nilikuwa naomba Mungu yule fundi asiende. Jiwe lenyewe hata halitikisiki."

Taratibu akamwinua huku akicheka, kisha akalikandamiza lile jiwe kwa kisigino, lizidi kubana.