Chupa Tatu za Nchi ya Baridi

Hotelini kila mtu alimwita Pua. Miaka ishirini yeye ndiye aliyechagua mvinyo, na akishasema amesema. Lakini mafua ya mwezi uliopita yaliondoka na harufu zote. Akikata kitunguu machozi yanamtoka, harufu hakuna. Hakumwambia mtu. Mwonja mvinyo asiyenusa atabaki na kazi gani?

Asubuhi hiyo Meneja, mama asiyependa maneno mengi, aliweka mezani chupa tatu za mvinyo mweupe kutoka nchi ya milima ya baridi, kule ambako zabibu huiva polepole zikajaa harufu.

"Haya Pua, tuchagulie mmoja."

Pua akazungusha glasi, akafumba macho, akavuta pumzi. Kimya, kama kupiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Basi akasema aliyoyakumbuka ya miaka ya nyuma.

"Mawaridi. Asali kwa mbali. Safi kabisa."

Meneja akanusa yake, akakunja uso. "Mbona mimi nasikia sabuni tu?"

Shemeji yake Pua, mke wa kaka yake na mwosha vyombo wa hoteli, ndiye aliyeosha glasi zile. Akajishika mdomo. "Maskini mimi! Kile kitambaa kipya cha kukaushia, nilikifua kwa sabuni ya marashi." Kisha akamgeukia Pua. "Lakini shemeji, wewe ulikuwa unasifia nini?"

Pua angeweza kumrushia lawama zote, mambo yakaishia hapo. Akaiweka glasi chini.

"Sisikii kitu," akasema. "Tangu yale mafua."

Shemeji akaenda kusuuza glasi kwa maji ya moto, akaziacha zikauke kwa upepo, akarudi, akamimina, akanusa mwenyewe.

"Kitendawili!"

"Tega," Pua akajibu kinyonge.

"Ganda la limau limelalia jiwe lililonyeshewa."

Pua akainua kichwa. "Onja. Ulimi unasemaje?"

"Unaruka, kama nimeuma embe bichi."

"Zabibu za mteremkoni hizo, penye mawe. Huo utakaa vizuri na samaki. Wa pili?"

"Mh! Chumba cha bibi harusi. Maua mpaka kero."

"Uache. Utamchosha mtu kabla hajamaliza sahani."

Meneja akacheka kidogo, akamvutia Shemeji kiti. "Kaa hapa, mama. Glasi ataosha yeye."

Pua akakunja mikono ya shati. "Na wa tatu, shemeji?"