Tangazo la Bwana Pruitt

Herufi zangu za mbao hazijui kunong'ona. Ni nene, nyeusi, na kila moja ina miguu ya mraba kama iliyovishwa buti. Hapa Kansas kila mwenye jambo la kupigia kelele huja kwangu: mwenye mnada wa ng'ombe, mwenye sarakasi, mwenye dawa ya upara. Nazipaka wino, nabana kwenye mashine ya kuchapia, natoa karatasi. Mteja simchagui, na mdomo naufunga, ingawa siku nyingine hunishinda.

Jumanne akaja Amos Pruitt, ndevu zinang'aa mafuta.

"Mama Tackett, mke wangu kanitoroka. Nataka tangazo."

Nilijua. Thirza alikuwa kapata kazi ya kupika kwenye nyumba ya wageni ya Mama Hobart, ng'ambo ya barabara, na alama ya kofi ilikuwa haijamtoka shavuni. Kwetu mume akikimbiwa hubandika tangazo, na mke akishatangazwa hakuna anayemwajiri wala kumlaza. Hurudi kule kule kwenye makofi. Roho iliniuma, lakini ningemkataa angekwenda kuchapisha mji wa pili.

Maneno alikuja nayo mwenyewe: "Mimi, Amos Pruitt, natangaza kwamba mke wangu Thirza ameondoka nyumbani kwangu bila sababu. Asipewe kazi wala makao. Asiaminiwe."

"Yapi niyaweke kwa herufi nene?" nikauliza. "Karatasi haibebi yote."

"Jina langu, juu kabisa. Watu wajue nani anasema."

"Na la mkeo?"

"Ebo! Jina la mke lilingane na langu? La kwake weka dogo, na mengine yote madogo madogo."

"Na chini?"

"Asiaminiwe. Hilo lipige nene, lionekane mpaka relini."

"Litaonekana," nikamwambia.

Nikapanga alivyoagiza, neno kwa neno. Akasoma, pua nusura iguse wino, akaridhika. Akaenda kubandika kituoni, dukani, kwa mhunzi, na la mwisho ukutani kwangu.

Kesho yake Thirza akaingia na aproni, machozi yanamtoka.

"Hata wewe, Mama Tackett! Kumbe nawe si mtu!"

"Umelisoma?"

"Nilisome ya nini? Nimeambiwa. Mama Hobart akilisoma tu, nafungasha."

"Vuka barabara, ulisome ukiwa kule."

Akavuka huku ananilaani. Mama Hobart alikuwa ameshasimama barazani, mikono kiunoni, anaukodolea macho ukuta wangu. Yule havuki matope kwa ajili ya karatasi. Na kutoka pale, maneno madogo yalikuwa vumbi tupu. Yaliyosomeka ni haya:

AMOS PRUITT
ASIAMINIWE

"Mmh," akaguna Mama Hobart. "Nani asiyelijua hilo? Wameharibu wino bure." Kisha akamgeukia Thirza. "Na wewe umesimama unangoja nini? Mikate yangu inaungua!"

Thirza akakimbilia jikoni.