Mjane wa Sura ya Kumi

Kwa miaka kumi na minane mhadhiri alikuwa akichambua riwaya za Kimarekani za usasa-leo, zile ambazo hadithi huanzia katikati, hukatika, na mara mwandishi mwenyewe huchungulia ndani akazungumza na wahusika wake. Shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea, aliwaambia wateja, "Mwanangu ni daktari, ila wa vitabu. Ukiumwa usimsumbue."

Muhula mmoja walijiandikisha wanafunzi wanne tu katika somo lake. Mkuu wa idara, mtu mpole asiyependa kutoa habari mbaya, alimwita ofisini, akapanga kalamu zake upya mara tatu, ndipo akasema, "Fundisha darasa la wazi Ijumaa. Watu wakivutiwa, somo litabaki. Wasipovutiwa, dada yangu, sitakuwa na la kufanya."

Ijumaa ukumbi ulijaa nusu. Shangazi alikaa safu ya mbele, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Mhadhiri alieleza riwaya aliyoitafiti miaka tisa: katika sura ya kumi mwandishi anaingia hadithini, anabisha hodi kwa mjane na kumwomba radhi kwa kumuua mumewe katika sura ya pili. Kisha akauliza kama kuna swali. Kijana mmoja akajitia kutafuta kitu kwenye begi.

Shangazi akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Huyo mjane alijibu nini?"

Mhadhiri akaipekua sura ile hadi mwisho. "Hakujibu kitu. Sura inaishia hapo."

"Basi huyo bwana hakuomba radhi. Kajisemea mwenyewe, kajisamehe, kaenda zake."

Binti wa safu ya nyuma akadakia, "Angejibuje, na maneno yake yote anayo huyo huyo muuaji?" Mwenzake akampinga, wa tatu akaingilia, na mkuu wa idara, aliyekuja kuchungulia tu, akajikuta anavuta kiti. Mhadhiri alicheka hadi machozi yakamlenga. Alikuwa ameandika makala sita juu ya riwaya hiyo, na hata mara moja hakuwahi kumtazama mjane.

Somo lilibaki. Makala yake ya saba ilihusu ukimya wa mjane, na shukrani za kwanza alimpa shangazi. Sasa kila Jumamosi anamsomea riwaya hiyo, akiifasiri papo hapo huku cherehani ikinguruma. Wiki ya tatu hii wamekwama sura ya pili: shangazi hataki yule mume afe kabla yeye mwenyewe hajaambiwa mtu huyo alikuwa akifanya kazi gani.