Shingo Isiyo na Kovu

Mwanamke aliyeingia chumbani Alhamisi ile alikuwa na kadi ya Eugénie mkononi, kitambaa shingoni, na sauti safi kama ya mtangazaji wa redio. Sauti hiyo ndiyo iliyomfanya Nusrah aweke kalamu chini, maana Eugénie alitoka wodini akikwaruza.

Nusrah alikuwa muuguzi wa utafiti katika hospitali moja ya Mbarara. Kwa miaka mingi tafiti za upasuaji wa rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo, zilifanywa katika mji mkuu peke yake, waliko mabingwa na mashine, ingawa shingo nyingi zenye rovu ziko vijijini na hukatwa huku huku mikoani. Safari hii hospitali za mikoa zilikaribishwa kwa mara ya kwanza, kwa sharti gumu: kila aliyepasuliwa arudi baada ya nusu mwaka, asome kifungu kifupi, na sauti yake irekodiwe. Hospitali itakayopoteza wagonjwa kupita kiwango itaondolewa, na kazi yake yote itatupwa. Mbarara ilikuwa imefika ukingoni. Akikosekana mmoja zaidi, imetoka. Huyo mmoja alikuwa Eugénie, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na muda wake ulikuwa unaisha Jumamosi.

"Toa kitambaa, dada," Nusrah alisema.

"Kuna baridi, musawo," alijibu, akimwita kwa neno la huku la tabibu.

"Baridi gani? Hata nzi wamelala kwa joto."

Mwanamke alicheka, akakitoa. Shingo ilikuwa laini, haina hata mkwaruzo.

"Wewe si Eugénie."

"Mimi ni Olga, mudogo wake." Hakuona aibu. Aliiweka kadi mezani kwa adabu, kama mtu aliyekamilisha alichotumwa. "Kule kwetu, siku ya posho, mutu akiwa na homa banatuma mwingine na carte yake. Banapima unga, anabeba, anaenda."

"Hapa hatupimi unga."

"Si mulisema munataka kusikia sauti? Yangu iko muzuri."

Nusrah aliitazama mashine ya kurekodi. Angebonyeza mashine, Olga angesoma, na Mbarara ingebaki. Huko mji mkuu hakuna aliyewahi kuiona shingo ya Eugénie. Aliizima mashine, akampigia simu Daktari Rwakabuba, mpasuaji aliyeihangaikia nafasi hiyo kwa miaka, akamweleza yaliyotokea.

"Huyo mdogo mtu anasomaje?" daktari aliuliza.

"Vizuri kabisa, nadhani."

"Basi hatuna mgonjwa. Nenda kwake. Ila usimbembeleze."

Waliondoka mchana huo huo, Nusrah na Olga, kwa gari la hospitali. Nusrah alikulia Makenke, katika nyumba za wanajeshi, baba yake akiwa sajenti. Kiswahili chake kilikuwa cha amri na cha soko, nacho kilimtosha kazini. Njiani Olga aliongea kwa niaba ya wote, ila kila alipoulizwa habari za dada yake alirudi kwenye bei ya maharage.

Walimkuta Eugénie sokoni, nyuma ya beseni la dagaa. Kovu lilikuwa wazi chini ya koo, limepona vizuri. Mnunuzi alipouliza bei, aliinua vidole. Mwingine akaja, akainua vidole tena.

"Mama, leo umenuna nini?" mnunuzi wa tatu alisema. "Tunanunua samaki ao tunanunua kiburi?"

Eugénie alitabasamu, akamwongezea konzi moja. Kisha akamwona Olga pamoja na mgeni mwenye sare, akalifunika beseni bila kuuliza, akawaongoza hadi nyumbani. Huko ndiko alikofungua kinywa. Sauti ilitoka nusu hewa, nusu neno.

"Olga, nilikutuma kitu kimoja tu."

"Shingo ndiyo ilinisema, yaya," Olga alimjibu dada yake.

Eugénie alimgeukia Nusrah. "Docteur alinitoa muzigo. Zamani nilikuwa nalala nimekaa, sababu nikilala chali pumzi inakata. Sasa ninalala kama mutoto. Nilikuwa natafuta namna ya kumushukuru. Halafu nikuje mbele ya mashine niseme, sikiliza, ameniharibu sauti? Batamufukuza kazi."

"Ndiyo maana ukamtuma mwenye sauti nzuri."

"Hiyo njo zawadi yangu kwake."

Nusrah alivua viatu vilivyokuwa vikimbana, akakaa mkekani. "Mama, mshipa wa sauti ni mwembamba kama uzi, unapita nyuma ya rovu. Rovu likiwa kubwa, hata mkono mzuri unaweza kuugusa. Hakuna atakayefukuzwa. Lakini hakuna anayejua huku kwetu unaguswa mara ngapi, maana hakuna aliyehesabu. Tukipeleka sauti ya Olga, watasema Mbarara hakuna shida hiyo."

"Si ni muzuri?"

"Ni nzuri kwa karatasi. Mwanamke atakayelala kwenye meza ile baada yako ataambiwa hakuna hatari."

Lilibaki jambo moja ambalo Nusrah angependa kulisahau. Akalisema. "Una haki ya kukataa. Hutanyimwa dawa, wala hakuna atakayekununia."

"Nikikataa, ninyi munakuwa namna gani?"

"Tunatoka kwenye utafiti."

"Na nikikubali, sauti itarudi?"

"Sijui. Kwa wengine hurudi, kwa wengine hapana. Siwezi kukuahidi."

"Yaya, huyu hajui kuuza," Olga alisema.

Eugénie alicheka, lakini mabega tu ndiyo yaliyocheka. Akakunja na kukunjua pindo la kitenge.

"Mu chorale ya kanisa nilikuwa sauti ya kwanza," alisema mwishowe. "Sasa nasimama nyuma, nafungua kinywa bure. Batu banawaza ninaimba." Akameza mate kwa shida. "Huyo wa kulala kwa meza, pengine naye ana chorale yake. Leta mashine."

Olga alitoka kufukuza mbuzi na watoto. Eugénie alisoma kifungu chote. Sentensi ndefu zilimkatikia katikati, akavuta pumzi, akaendelea pale pale alipoishia.

"Nirudilie, isikike muzuri?"

"Hapana, mama. Ilivyotoka ndivyo ilivyo."

Ijumaa Daktari Rwakabuba aliisikiliza mara mbili, mlango umefungwa. Eugénie alipotoka wodini alikuwa na sauti ya kukwaruza, na daktari alidhani ni athari ya bomba la kupumulia lililowekwa kooni wakati wa usingizi, kitu cha siku chache. Sasa, penye nafasi ya madhara ya upasuaji, aliandika kwa mkono wake kwamba mshipa wa sauti umeumia, na penye jina la mpasuaji akaandika lake. Nusrah alituma vyote kabla ya swala ya Ijumaa. Jibu lilikuja jioni: Mbarara inaendelea.

Daktari alilisoma jibu hilo, akaliweka kando. Alichukua simu, akapiga Nakivale. Ilipokelewa, ikasikika pumzi kwanza.

"Allô, docteur," Eugénie alisema.

"Mama, ukinywa maji yanakupalia?"

Akafikiri kama ajibu. "Yananipalia. Tangu siku ile ulinipasua."

"Njoo Jumanne. Kuna daktari wa koo, nataka akutazame na mimi nikiwepo."

"Jumanne ni soko," alisema kwa sauti yake iliyokatika, bila haraka. "Nitakuja Jumatano."

Daktari akaandika Jumatano.