Kaburi la Fundi Seleman

Saruji ilikuwa imeshashushwa tulipofika. Mifuko imepangwa juu ya turubai, mchanga pembeni, na msalaba wa chuma, mpya, unaonuka rangi, umelazwa juu ya kaburi la babu yangu kana kwamba aliuagiza mwenyewe.

"Ndio huo?" mama aliuliza kutoka ndani ya teksi.

"Ndio huo."

Mama yangu, Mwantum, hana tena miguu ya kupanda mlima. Kisukari kimemmaliza. Kutoka Moshi mjini hadi kijiji hiki cha Old Moshi alikuja ameshika tasbihi tu, kwa sababu yote alikwisha kuyasema siku aliposikia habari ya mnara wa kumbukumbu ya uhuru utakaojengwa juu ya kaburi hili: "Rukia, nisife baba yangu ana msalaba kichwani." Nikamwahidi. Mdomo wangu huahidi kabla akili haijaulizwa.

Habari yenyewe ni hii. Babu yangu Seleman alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa mjini, aliyepanda huku kila wiki kushona nguo barazani kwa Mzee Kastori, Mlutheri asiyekosa ibada. Hao wawili ndio walioanzisha tawi la TANU hapa. Wanaume walikuja mmoja mmoja, eti kupimwa suruali, ili watu wa serikali ya mkoloni wasishtuke. Suruali za kijiji kizima zilipimwa, na wengi wakaendelea kuvaa zile zile. Mbuzi wa mkutano alichinjwa na Seleman ili wote wale. Sala ya kufungua aliiomba Kastori, wote wakaitikia amina. Kisha babu akafia huku huku kwa homa, kabla ya uhuru, masika imekata barabara, mama akiwa hajaanza hata madrasa. Sisi Waislamu hatulazi maiti. Kastori akatoa nafasi kihambani kwake, akachimba kwa mikono yake.

Mama alipanda kuzuru kaburi mpaka Kastori alipofariki. Baadaye akaolewa Tarakea, miaka ikapita.

Sasa kwa Wachagga kihamba ni cha ukoo. Humo wanaishi, humo wanalima migomba, humo wanazikwa. Mgeni hazikwi kihambani. Kwa hiyo walipokufa waliojua, waliobaki wakajumlisha wenyewe: kaburi liko kihambani, basi ni la mtu wetu, mtu wetu ni Mkristo, basi aliyelala hapo ni mwinjilisti aliyeanzisha tawi kwa maombi. Hata jina wakamtungia. Na mwenyekiti wa kamati ya mnara ni Ebenezeri, kitinda mimba wa Kastori, aliyezaliwa baada ya hayo yote na kufiwa na baba yake angali mdogo.

Nilikwisha kwenda kwake kabla ya siku hiyo. "Mwanangu," aliniambia, kwa ule upole unaokera kuliko matusi, "taifa hili lilizaliwa kwa sala. Hata wimbo wa taifa unaanza na Mungu."

"Unaanza na Mungu, mzee. Hausemi wa usharika upi."

Huo ndio mdomo wangu. Haukunisaidia.

Mjini nako nikakuta mengine. Binamu yangu Anwar aliposikia alitaka kukusanya vijana waje kuung'oa huo msalaba. "Uhuru tuliuleta sisi Waislamu," akasema. "Hao wa mlimani walikuwa misheni wanakunywa chai."

"Na babu alizikwa na nani?" nikamuuliza.

Akasema hayo hayahusiani. Nilitaka kulia kwa hasira. Huku wanambatiza babu akiwa maiti, kule wanamfuta Kastori, na yule babu wa kweli, aliyekula na watu hawa na kufia mikononi mwao, hakuna anayemtaka.

Shahidi alibaki mmoja, Bibi Anyesi, dada mkubwa wa Ebenezeri. Alikuwa msichana siku ya maziko. Jikoni kwake alinieleza yote, mpaka ile sanda. "Hata jeneza hapana, Ruwa, Mungu wangu! Sisi watoto tulishangaa." Nilipomwomba aseme hayo mbele ya watu, akageukia moto.

"Naishi kwa mdogo wangu, Rukia. Nikimwaibisha nitalala wapi?"

Ndipo nikakumbuka isale. Kila aliyekaa Moshi amesikia habari zake, lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani mwa vihamba. Ukimpelekea Mchagga isale, hawezi kukukataa. Ujuzi wangu wote ulikuwa huo, na kwa jinsi nilivyokata tamaa niliuona mwingi. Asubuhi ya siku ile ya saruji nikakata jani kwenye ua wa jirani, nikalipiga fundo kama nilivyosikia wanafanya.

Basi nikamwacha mama kwenye teksi, nikapita katikati ya kwaya na wazee wa kamati waliokuja kuzindua ujenzi. Nikamwamkia Ebenezeri shikamoo, nikapiga magoti kwenye matope, nikamnyooshea lile jani kwa mikono miwili.

Wazee wakavua kofia. Nikajiambia, imekubali. Nikamwona Bibi Anyesi mlangoni, mkono mdomoni, anatikisa kichwa haraka haraka. Sikumwelewa.

Macho ya Ebenezeri yakalowa. Naapa, hakuwa anaigiza. Akalipokea jani.

"Ndugu zangu, mmeona," akasema kwa sauti. "Binti huyu ametusumbua, ametuambia tumeiba kaburi. Leo amekuja mwenyewe na isale, kama mila inavyotaka, kukiri kosa lake. Isale haikataliwi. Mwanangu, tumekusamehe. Na jambo hili limekwisha, mtu asilifufue."

Wakapiga makofi. Mama mmoja wa kwaya akanikumbatia.

"Hapana," nikasema. "Hapana, mzee, sikuja kuomba msamaha, nimekuja kuomba..."

"Limekwisha, mwanangu."

Isale hupelekwa na aliyekosa. Kila mtu pale alilijua hilo isipokuwa mimi. Nikapiga kelele, nikamwita Bibi Anyesi kwa jina. Akaingia ndani, akafunga mlango. Wazee wakanitazama kwa huruma, wakaona naharibu msamaha wangu mwenyewe. Fundi akatema mate viganjani, akashika koleo, akaanza kuchanganya saruji.

Nilirudi kwenye teksi nikihisi dunia nzima imeniangukia. Mama alikuwa amefungua mlango, miguu yote miwili nje, tayari kushikwa mkono aende kumwombea baba yake dua. Alikuwa ameona yote kwa mbali. Kusikia, hakusikia.

"Nimeona wanakupigia makofi," akasema, na uso wake ulichangamka kuliko nilivyouona siku nyingi. "Wamekubali?"

"Wamenisamehe, mama."

Akanitazama.

"Umewakosea nini?"